Siku Moja Maishani Mwangu: Kadi ya Mtoto na Kadi ya Mama

Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi yangu iko kliniki ya mama na mtoto, upande wa chanjo. Hii ni siku moja ya kawaida, mwanzo mpaka mwisho wa zamu.

Saa 1:15 asubuhi

Kabla sijaweka mkoba chini nasoma kipimajoto cha friji. Nyuzi 4. Tunatakiwa tubaki kati ya 2 na 8, asubuhi na jioni, na namba inaandikwa hata kama ni ile ile ya jana.

Watu wanadhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Kwa chanjo ya pepopunda na dondakoo, ile tunayoiita Td, na kwa ya homa ya ini B na ya HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, kuganda ni balaa kubwa zaidi. Ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Juzi friji ilishuka sana usiku, kwa hiyo nachukua kichupa cha Td kilichokuwa nyuma kabisa, nakitikisa, nakisimamisha juu ya meza pembeni ya kingine nilichokigandisha makusudi. Kile kilichoganda kinaachia chengachenga zinazozama chini upesi, na maji ya juu yanabaki maangavu. Changu kimebaki na ukungu wake sawasawa. Kwenye lebo, kale kamraba ka kuonyesha joto kaliko ndani ya duara bado kana rangi hafifu kuliko duara lenyewe. Kangelingana nalo, kichupa kingekwenda kutupwa.

Saa 2:00

Benchi limejaa. Tuna utaratibu wa kutoa elimu ya afya kabla ya vipimo, na mimi sipendi kuhutubia. Nauliza tu: nani ana swali ambalo aliogopa kuliuliza mara iliyopita?

"Nesi, eti hii sindano ya begani inafunga kizazi?"

Swali hili halizeeki. Namweleza kwamba ndani yake kuna sumu ya vijidudu vya pepopunda iliyokwisha kuuliwa makali, mwili ukiiona unajifunza kutengeneza kinga. Homoni hamna. Lakini anayemaliza ubishi si mimi, ni mama aliyekaa ubavuni kwake: "Mwenzangu, mimi nimechomwa mimba zote, na tumbo hili unaliona." Benchi zima linacheka. Ninaendelea na mambo mengine.

Saa 3:00

Hapa ndipo asubuhi yangu inapokwenda. Mama wa mimba ya nne, wiki ya 18, hudhurio la kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mhudumu angalau mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Simgombezi. Aliyegombezwa leo harudi mwezi ujao.

Presha, uzito, mkojo kuangalia protini, damu kwa ajili ya wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, Virusi vya Ukimwi na homa ya ini B. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anapewa vya kumtosha mpaka hudhurio lijalo. Kisha swali langu: umeshachanjwa pepopunda mara ngapi maishani mwako?

"Nilichomwa mimba ya kwanza. Kadi ilipotea tulipohama."

Kwa kanuni, asiye na kumbukumbu ya kuaminika tunamhesabu kama hajaanza: dozi mbili, zikipishana wiki 4 au zaidi, na ya pili iwe imepita wiki 2 au zaidi kabla ya kujifungua. Nimeshashika kalamu. Yeye anapekua simu, anapekua, mpaka anatoa picha ya kadi ya zamani, imekunjamana, tarehe mbili zinasomeka. Basi mambo yamebadilika. Dozi hazifutiki kwa kuwa miaka imepita, na hatuanzi upya. Leo anapata ya tatu, ambayo itamlinda kwa miaka 5 au zaidi. Ya nne baada ya mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Ya tano, mwaka mwingine au zaidi baadaye, inamfikisha mwisho wa umri wake wa kuzaa.

Kinachoniudhi katika hesabu hii ni kwamba ya nne na ya tano haziko ndani ya mimba. Ziko kwenye ile miaka ambayo hakuna anayemwita mwanamke kliniki. Mimba zake mbili za katikati alipita mikononi mwa wahudumu, na hakuna aliyemuuliza kadi.

Anageuza uso ukutani, nachoma, ameshamaliza. Namwambia mkono utauma siku moja au mbili, na kwamba kinga hii ni yake na ya mtoto. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo, na kwa mtoto mchanga vinaingilia kitovuni kikikatwa au kufungwa kwa kitu kichafu. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri siku mbili za kwanza anakaza taya, anashindwa kushika titi. Asipopata matibabu, karibu kila mmoja hufa.

Saa 5:00

Dada wa wiki 30, mimba ya kwanza, amekuja na daftari la maswali. Hawa nawapenda. Anataka kujua kwa nini achomwe yeye chanjo ya kifaduro wakati ni ugonjwa wa watoto.

Kwa sababu mtoto anaanza chanjo zake za kifaduro akiwa na wiki 6 au 8, na kifaduro kinaua zaidi kabla ya hapo. Kondo la nyuma hupitisha kinga ya mama kwenda kwa mtoto, na kazi hiyo inakolea miezi mitatu ya mwisho. Anachomwa mama ili mtoto azaliwe ameazimwa kinga. Na kwa kuwa kinga hiyo hushuka upesi mwilini mwa mama, chanjo hurudiwa kila mimba. Uingereza walianza kuitoa mwaka 2012 baada ya mlipuko, na Marekani mwaka huo huo wakaanza kuipendekeza kwa kila mimba, kati ya wiki ya 27 na 36.

Mafua makali tunayazungumza pia, maana tumbo likipanda mapafu hubanwa, na mjamzito akiugua mafua huumwa vibaya kuliko wenzake. Chanjo ya sindano ya mafua ina virusi vilivyokufa, inachomwa mwezi wowote wa mimba. Ile ya kupuliza puani haimhusu, ina virusi hai. Mpya zaidi ni ya RSV, kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga. Iliidhinishwa kwa wajawazito kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na Shirika la Afya Duniani linasema itolewe kuanzia wiki ya 28. Si kila kituo kinazo zote hizi. Kinachopatikana anapoishi ndicho atakachopanga nacho.

Saa 6:20

Mlango unafunguliwa bila hodi, anaingia dada mwingine. Alichanjwa surua na rubela wiki tatu zilizopita, leo kipimo kimesema ana mimba. Analia kwa kwikwi, kuna mtu amemwambia lazima itolewe.

Si kweli, na hili nalisema kwa sauti ya kusikika. Chanjo yenye virusi hai hatuitoi kwa mjamzito, na tunamshauri mwanamke asubiri mwezi mmoja baada ya kuchanjwa kabla ya kushika mimba. Hiyo ni tahadhari. Wanawake wengi wamewahi kuchanjwa rubela bila kujua wana mimba, wakafuatiliwa, na hakuna mtoto aliyeonekana kuzaliwa na ulemavu wa rubela kwa sababu ya chanjo. Rubela yenyewe ndiyo ya kuogopwa. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, alieleza jinsi watoto waliokuwa na mtoto wa jicho walivyokuwa wa akina mama waliougua rubela mwanzoni mwa mimba. Moyo na masikio navyo huharibika.

Anakunywa maji, ananiuliza tena swali lile lile, namjibu tena vile vile. Namwandikia tarehe ya kuanza kliniki.

Saa 8:00 mchana

Wodi ya wazazi. Watoto waliozaliwa usiku wanapata chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24. Hapa sikubali "kesho": mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na kirusi maisha yake yote ni kama asilimia 90, ilhali kwa mtu mzima hauzidi asilimia 5.

Halafu nageukia vitanda vyenyewe. Aliyeonekana hana kinga ya rubela achanjwe leo kabla ya kuondoka, kunyonyesha hakuzuii. Ukisema "arudi baada ya wiki sita", mara nyingi atarudi mtoto peke yake mgongoni kwa bibi.

Saa 9:30

Kliniki ya wiki sita. Mtoto anapimwa, anachomwa, analia, ananyonya, kadi inajazwa. Mama ameanza kufunga kanga.

"Wewe je?"

"Mimi mzima, nesi."

Nampa kiti. Usingizi unapata? Kuna siku unalia bila sababu? Damu imekatika? Mkojo unakutoka ukikohoa? Anajibu ya kwanza kwa haraka, kwa ya pili ananyamaza muda mrefu, kisha anasema kila siku. Hapo yale ya uzazi wa mpango yanasubiri. Nafunga mlango, tunaongea, namwombea nafasi kwa mshauri wa afya ya akili leo hii, na dada yake anaingia kushika mtoto.

Amekuja pia na binti yake mkubwa wa miaka 11, aliyekaa kimya muda wote akihesabu vigae. Huyo ana umri wa chanjo ya HPV, inayotolewa kati ya miaka 9 na 14. Aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mama mwenyewe ana miaka 35, umri ambao Shirika la Afya Duniani linataka awe amepimwa mlango wa kizazi, na tena akifika 45. Namwandikia tarehe ya mbele kidogo, mwili utulie kwanza.

Saa 11:00 jioni

Daftari la waliokosa tarehe. Nampigia aliyejifungua siku tisa zilizopita na hajaonekana.

"Nesi, mtoto hajambo kabisa, ananyonya vizuri."

"Namuulizia mama yake."

Anacheka. "Mimi? Kichwa tu, tangu juzi. Na macho yanaona vimulimuli."

Kifafa cha mimba hakiishii kwenye mimba. Kinaweza kumpata mwanamke hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, pamoja na yule ambaye presha yake haikusumbua kabla. Namwambia aje sasa hivi, asije peke yake, asingoje kesho.

Saa 12:10

Anaingia ameshikwa mkono na shangazi yake. Presha 158 kwa 104. Daktari wa zamu anaitwa, mimi naandaa magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa hicho. Shangazi, akidhani ndicho nitakachohitaji, ananinyooshea kadi ya mtoto. Chanjo zote za kuzaliwa zimetiwa sahihi.

"Asante, shangazi. Ya mama iko wapi?"