Huyu Ana Jina

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sina fundisho nililoandaa. Nina aibu tu, naileta kama ilivyo.

Mwezi uliopita nilimwachia kijana wangu dagaa walioanikwa mwaloni Igombe, ufukweni huku Mwanza. Wingu likapanda kutoka ziwani, yeye yuko kwenye simu. Mvua ikapiga, dagaa wakaloa wote, tukawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nikamfokea palepale, mbele ya akina mama waanikaji na vijana wa kubeba magunia, rika lake. Niliyomwambia siyarudii hapa. Tangu siku hiyo anakula chumbani, na shikamoo yake anaipa ukuta.

Mama yake akatupeleka kwa mnasihi wa familia. Nilikwenda shingo upande, maana mimi ni mzee wa kanisa. Ni watu ndio huja kwangu kusuluhishwa. Nikaanza kueleza: huyu hivi, huyu vile, huyu hasikii. Mnasihi akanikatisha kwa upole: "Baba, huyu ana jina?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimelitamka jina la mwanangu tangu siku ile ya mvua.

Akatusimulia habari za Virginia Satir, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya familia. Kwao shambani palikuwa na chungu cha chuma, mara kina sabuni, mara mchuzi, mara samadi. Akawa anawauliza watu kuhusu thamani wanayojiona nayo: chungu chako leo kina nini? Mnasihi akatuuliza nasi. Mwanangu akajibu, "Samadi."

Usiku nikafungua Mwanzo 9. Nuhu alilewa kweli, akalala uchi hemani, Maandiko hayamsafishi. Wala Hamu mwanawe hakusema uongo. Ila alichokiona hemani alitoka nacho nje. Ndugu zake, Shemu na Yafethi, wakaweka nguo mabegani, wakaingia kinyumenyume wamfunike baba yao. Hebu jaribu wewe kumwendea hivyo mtu aliyelala chini! Utajikwaa, utapapasa, utachelewa. Kumsitiri mtu wa nyumbani kwako kuna jasho, ndugu zangu.

Na sisi tuliookoka tumempita Hamu, maana sisi tunatoka nalo nje tukiliita ombi. "Wapendwa, mkumbukeni mume wangu, amerudia pombe." Kundi la maombi la simuni lina watu mia mbili! Kesho baba wa watu anapita sokoni Kirumba, kila meza inamtazama kwa huruma. Mama, hilo ni tangazo. Acha. Mwombee chumbani, au mwite mtu mmoja mwenye kifua. (Anayepigwa sisemi naye, huyo apige kelele hata saa nane za usiku, nasi tutoke.) Nasi akina baba tunaoukariri mstari wa watoto kutii, Wakolosai 3:21 upo chini yake tu, tunauruka kila siku: tusiwachokoze, wasije wakakata tamaa.

Kwa mnasihi niliomba msamaha. Mwanangu akatazama kucha zake, akasema, "Baba, mwaloni ulinisema watu wote wakisikia. Samahani unaniomba humu, mlango umefungwa."

Sasa ni mbalamwezi, na dagaa huvuliwa gizani, kwa hiyo mitumbwi imepumzika. Giza likirudi, akina mama wale watakuwa mchangani tena, na wale vijana na magunia yao. Nimemwita kwa jina lake, nikamwambia tutakwenda wote. Akasema, "Sawa." Jana usiku alikuja mezani kuchukua chumvi, akasimama kidogo, kisha akarudi chumbani.