Kimeng'enya cha mtu, kilichopikwa na bakteria

Shangazi yangu wa Muheza alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, hicho kimeng'enya cha binadamu, damu yake mnaitoa kwa nani?" Shangazi, shikamoo, hapa maabara hatuitoi kwa mtu. Tunawatwisha kazi bakteria.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, na hiki chetu kinaitwa G6PD. Kila seli inacho, lakini seli nyekundu za damu ndizo zinazokitegemea kuliko zote: kinaigeuza molekuli ndogo iitwayo NADP kuwa NADPH, ambayo huzikinga zisiunguzwe na kemikali kali. Nazo hazina kiini, kwa hiyo haziwezi kutengeneza kingine. Akiba ikiisha, imeisha. Aliyerithi aina dhaifu akimeza dawa ya malaria ya primakwini, seli zake nyekundu kongwe zinaanza kupasuka. Wamarekani waliubaini uhusiano huo mwaka 1956. Huku Afrika tunayo sana aina iitwayo A-, ambayo amino asidi mbili tu zimebadilika kati ya 515. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaume huumia zaidi.

Kukitengeneza, jeni ya binadamu inapachikwa kwenye plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA, plasmidi inaingizwa ndani ya E. coli, bakteria wanakuzwa kwenye mchuzi wao na kuchochewa waizalishe protini. Hapo ndipo penye mtego. E. coli ana G6PD yake mwenyewe! Ukichukua bakteria wa kawaida, mashine itakuonyesha kimeng'enya kinachapa kazi, ushangilie, kumbe unampima bakteria. Dawa yake ni kutumia aina ambayo jeni hiyo, zwf, imeondolewa au imeharibiwa. Ripoti isiyotaja ni bakteria gani waliotumika mimi huisoma kwa jicho la pembeni.

Kupima ndiko ninakokupenda. Unaweka bafa (maji ya kutuliza asidi), NADP na glukosi-6-fosfeti, sukari ambayo kimeng'enya huifanyia kazi, kwenye kyuveti, kichupa kidogo kinachopitisha mwanga, unadondoshea kimeng'enya kidogo, unafunga kifuniko cha spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa. NADPH hunyonya mwanga wa nanomita 340, NADP hainyonyi. Basi mstari kwenye skrini unapanda wenyewe, na mwinuko wake ndio kasi ya kimeng'enya. Kipashe joto kwanza, kisha upime tena: cha kawaida kinavumilia, A- kinalegea mapema. Ugonjwa mzima umo humo. Kwa damu ya mgonjwa usingeona kwa usafi namna hii, kwa sababu ndani yake mna seli changa na kongwe zimechanganyika.

Kukitunza nako kuna masharti. Tunakiongezea gliseroli na NADP kidogo, maana bila NADP vipande vyake vinaachana na nguvu inapotea. Halafu friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta yenye dizeli.

Wanafunzi huniuliza kwa nini tusinunue tu. Kinauzwa, ndiyo. Lakini kinasafiri kwenye barafu kavu, na barafu kavu haisubiri mtu atafute mhuri forodhani. Boksi letu la mwisho lilifika likiwa na karatasi zote na barafu hakuna.