Majuto ya gari la mkopo huanzia siku ya kusaini

Tabora, Jumapili jioni

Gari la mkopo likikamatwa, lawama zote humwangukia mkopeshaji. Mimi naona sehemu kubwa ya jukumu ni ya aliyesaini, na linaniuma kwa sababu anayelipia ni familia nzima.

Chukua gari la shilingi milioni 20. Unatanguliza milioni 6, unakopa 14 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka. Hapo bado hujajua bei. Uliza kama riba inapigwa kwenye deni linalobaki au kwenye mkopo wote mpaka mwisho. Ikiwa ni riba inayopungua, rejesho ni kama 506,000 kwa mwezi na riba yote milioni 4.2. Ikiwa haipungui, rejesho linafika karibu 599,000 na riba milioni 7.56. Asilimia ni ileile 18, lakini pengo ni zaidi ya milioni 3.3! Swali hilo moja halichukui hata dakika mbili, na wengi hawaliulizi.

Hata kwa riba inayopungua, mwaka wa kwanza utatoa kama milioni 6.07 huku deni likishuka kwa milioni 3.86 tu, maana mwanzoni riba hula sehemu kubwa ya rejesho. Anayetaka kuuza baada ya mwaka huo hukuta bado anadaiwa milioni 10 na ushee, na kadi ya gari iko kwa mkopeshaji. Ongeza bima kubwa, ambayo mkopeshaji huitaka kila mwaka: kwa asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT ni 826,000, yaani kama 69,000 kwa mwezi. Tairi, bushi na shokapu bado sijazigusa.

Kwa huku kwetu, kosa kubwa zaidi ni la kalenda. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hushika fedha wakati wa masoko, lakini mkataba unamdai hata Januari, shamba linapotaka vibarua. Kigoma ni hivyo hivyo: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na rejesho la mwezi halisubiri ziwa lifunguliwe. Mwenye kipato cha msimu aombe marejesho ya msimu kabla ya kusaini, yaandikwe ndani ya mkataba. Akinyimwa, atenge marejesho ya miezi mikavu kwanza, ndipo atoe kianzio.

Mdhamini naye aelezwe ukweli. Kisheria anabeba deni sawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Kumwambia shemeji “ni sahihi tu” ni kumdanganya.

Na mambo yakibana, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho, omba muda uongezwe kwa maandishi. Katika mfano wetu, deni lililobaki baada ya mwaka likisambazwa kwa miezi 36 badala ya 24, rejesho hushuka hadi kama 367,000, na gharama yote huongezeka kwa milioni 1 na kidogo. Kwa nyumba yenye watoto wa shule, ningelipa nyongeza hiyo bila kusita.