Printa Nimeinunua, Mbona Bado Ina Mwenyewe?

Nina katriji ambayo nimekuwa nikiijaza wino kwa bomba la sindano, tone baada ya tone hadi sifongo ya ndani ilowe sawasawa, kisha napangusa vijishaba vyake vya umeme kwa kitambaa kikavu, na hadi leo inachapa maandishi yaliyokoza, yasiyo na mistari. Hata hivyo, kioo kidogo cha printa hunionya kila mara kwamba katriji hiyo imekwisha kutumika na kwamba ubora wake haujathibitishwa. Nisipobonyeza "Endelea", kazi haifanyiki, kana kwamba naomba ruhusa ya kutumia mali yangu.

Watengenezaji husema wanamlinda mteja. Nakubali kwamba wino hafifu unaweza kuziba vitundu vya kichwa cha kuchapia, na aliyewahi kuhangaika kuvizibua anaijua adha yake. Lakini chipu iliyobandikwa kwenye katriji haipimi ubora wa wino. Kazi yake kubwa ni kuitambulisha katriji na kutunza makadirio ya wino uliobaki, ambayo katika printa nyingi hutokana na kuhesabu matone yaliyokwisha kutoka, na ndiyo maana katriji iliyojaa pomoni huendelea kusomeka kuwa tupu.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, chipu zilipoadimika duniani, jambo hili lilijianika lenyewe. Canon ilianza kuuza katriji za wino wa unga zisizo na chipu kwa baadhi ya mashine zake za ofisini, ikawaelekeza wateja namna ya kulipita onyo lilelile, na ikawahakikishia kwamba ubora wa uchapaji hautaathirika, ila kipimo cha wino ndicho kingeweza kukosea. Kumbe onyo lilikuwa la kupuuzwa!

Mwaka 2017, katika kesi baina ya Impression Products, kampuni iliyouza katriji zilizojazwa upya, na Lexmark, mtengenezaji wa printa, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba haki ya hataza (yaani ulinzi wa kisheria wa uvumbuzi) ya mtengenezaji juu ya katriji hukoma pindi anapoiuza, hata kama aliiuza kwa sharti kwamba isijazwe tena. Uamuzi huo, hata hivyo, haukuigusa programu iliyomo ndani ya printa. Tayari Septemba 2016 baadhi ya printa za HP zilikuwa zimeanza, kwa sababu ya sasisho la programu hiyo, kukataa katriji zenye chipu za watengenezaji wengine, ambazo wenyewe walikuwa wakizitumia bila tatizo. Zilizojazwa upya zikiwa na chipu ya asili ya HP zilisalimika, lakini anayeshika funguo alikwisha kujulikana.

Kwa hiyo nimezima masasisho ya kujiendesha kwenye printa yangu. Sifurahii hatua hiyo, kwa sababu masasisho hayohayo huleta marekebisho ya usalama ninayoyahitaji, ila aliyeyafunga pamoja na biashara yake ya wino si mimi.