Siku moja maishani mwangu: natunza fomu za watu Chake Chake

Saa 1:30 asubuhi

Kazi yangu ni kupokea na kutunza maombi kwenye mfuko mdogo wa ruzuku za jamii hapa Chake Chake, Pemba. Tunasaidia vikundi na mtu mmoja mmoja: kamba za mwani, vyerehani, mizinga ya nyuki, mabanda ya kuku. Msimu wa maombi ukifunguliwa, fomu huingia kutoka wilaya zote nne za kisiwa. Ndani ya fomu kuna jina, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, simu, shehia (eneo dogo linaloongozwa na sheha), kipato, madeni, watoto, na mara nyingine maradhi. Mtu aliyeyaandika hayo yote ni kama amenikaribisha mpaka chumbani kwake, na mimi simjui.

Kwa hiyo kabla ya lolote nakagua kabati. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwengine anao mratibu, na kuna daftari la kuandika nani kalitoa faili gani, saa ngapi na kwa kazi gani. Leo daftari liko sawa.

Saa 2:15

Wa mwanzo kufika ni mama wa makamo, mkulima wa mwani kutoka upande wa Micheweni. Shehia yake siitaji, maana nikiitaja na nikasema anaomba nini, wenzake watamjua hapo hapo. Ametoka kwake alfajiri. Tumeamkiana, tumeulizana hali za nyumbani, kisha ameiweka fomu mezani. Nusu imejazwa na mwanawe anayesoma skuli, nusu iko wazi.

"Mwanangu, hii namba ya kitambulisho mnaitakia nini?"

"Tuhakikishe, mama, kuwa aliyeomba ndiye anayelipwa. Asije mtu mwengine akachukua kwa jina lako."

"Na hapa mnauliza kama nina maradhi."

"Hapo si lazima. Kama ugonjwa unahusika na unachokiomba, tuambie. Kama hauhusiki, pawache wazi. Hupunguziwi kitu."

Amekaa kimya kidogo, anaitazama ile nafasi.

"Basi andika mgongo. Siwezi tena kubeba mwani mbichi mpaka nyumbani, ndiyo maana naomba chanja ya kuanikia pale pale karibu na pwani. Jengine ni la kwangu."

"La kwako libaki kwako, mama."

Nimeandika mgongo, basi. Swali lile la maradhi sijawahi kulipenda. Limeachwa wazi kabisa, na mtu mwenye shida hudhani akifichua zaidi ndiyo atahurumiwa zaidi. Nimewaona wanaoandika mambo ambayo hata ndugu zao hawayajui, kwa ajili ya cherehani. Nimeshapeleka pendekezo kwa mratibu kwamba msimu ujao litoke, liwekwe moja tu: je, kuna hali yoyote inayohitaji vifaa vya aina maalumu?

Kabla hajatia dole gumba, nimemsomea tangazo letu la faragha kwa sauti, neno kwa neno, na nikasita kila sehemu ili aulize. Nani ataisoma fomu yake. Itakaa kwetu muda gani. Kwamba anaweza kuja kuiona, kutaka irekebishwe, au kujitoa. Tangazo lile limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho, na asiyesoma anapitishiwa kidole juu yake kana kwamba amekubali. Mimi sipokei dole ambalo mwenyewe hakuelewa linakubali nini. Inachukua dakika kumi kwa kila mtu, na foleni inarefuka mpaka nje, lakini sijaona njia ya mkato.

Saa 4:00

Chai na mkate wa kumimina. Fomu zote zimerudi kabatini kwanza, hata kwa robo saa hii.

Saa 4:30

Hii ndiyo sehemu ngumu ya siku, na ndiyo watu wasiyoiona. Kila ombi linapewa namba. Jina, kitambulisho, simu na shehia vinakwenda kwenye faili moja lenye neno la siri. Maelezo ya kazi na bajeti yanakwenda kwenye faili jengine, na hilo la pili peke yake ndilo wanalosoma wajumbe wa kamati wanapotoa alama. Wajumbe ni watu wa hapa hapa. Wana wajomba, mashemeji, wadeni na watu walionuniana nao. Hawapaswi kujua wanampa nani.

Tatizo ni kwamba kufuta jina hakutoshi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima, na ukigawa kwa shehia unabaki na vijiji ambavyo kila mtu anamjua kila mtu. Chukua mfano: "fundi cherehani, mjane, mwenye mtoto asiyeona, anashona sare za skuli". Hapo hakuna jina wala simu, lakini mjumbe yeyote anayetoka jirani atasema, ah, fulani huyu. Kwa hiyo naiandika upya: "fundi cherehani, ana mtegemezi mwenye ulemavu". Ujane naufuta, kwa sababu hautolewi alama. Sare za skuli nazibakisha, kwa sababu ndilo soko lake na kamati inahitaji kulijua. Kila sentensi naiuliza hivyo: hili linasaidia kuamua? Kama halisaidii, linatoka.

Kazi hii haifanywi na mashine. Wengi wakisikia ulinzi wa taarifa hufikiria mwizi wa mitandaoni aliye nchi ya mbali. Mwizi huyo yupo, na neno la siri tunaweka. Lakini kinachomuumiza mwombaji hapa ni barazani. Jambo likisemwa Chake saa nne, saa sita limeshafika Wete, na mama aliyeandika kuwa ana deni atakuta mwenye duka ameshaambiwa kuwa pesa zinakuja.

Saa 7:00

Sala, chakula. Nimekula wali na samaki haraka, kwa sababu saa nane nina mgeni.

Saa 8:00

Mgeni ni sheha. Mzee wa heshima, na bila masheha kazi yetu haiendi, kwani wao ndio wanaothibitisha kuwa mwombaji anaishi kweli kwenye shehia husika. Leo anataka orodha kamili ya waombaji wake wote pamoja na kiasi walichoomba.

"Mimi ni kiongozi wao," anasema. "Nitawatetea vipi na sijui wanaomba nini?"

"Ni kweli, mzee. Majina ya watu wa shehia yako nitakupa, uniambie nani mkaazi na nani si mkaazi. Kiasi na shida zao wametuambia sisi. Mwenyewe akitaka utetee ombi lake, atakuja kwako kwa miguu yake."

Hakufurahi, na sikumlaumu. Nikamkumbusha mambo yaliyopita kwenye miradi mengine: orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa ukutani pamoja na namba za simu, na wiki haikuisha walianza kupokea ujumbe kwamba watume pesa ya usajili kwanza ndipo ruzuku itoke. Anayetuma ujumbe kama huo anakutaja kwa jina na anataja mradi wako, kwa hiyo unamwamini. Mzee akanyamaza, kisha akasema hilo analijua, hata jirani yake lilimkuta. Akachukua orodha ya majina, akaketi kwenye benchi, akaanza kutia alama na kalamu yake mwenyewe. Wawili amesema walishahamia Unguja.

Saa 9:00

Barua pepe ya mfadhili, aliyeko Ulaya. Anaomba jedwali lenye majina, simu na picha za wote walioomba, kwa ajili ya ripoti yake.

Nimemjibu kwa upole. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi lengo hilo, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na mabishano ya mipaka nawaachia wanasheria, maana Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda faragha ya mtu. Halafu yeye mwenyewe yuko chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, na asingekubali majirani zake wafanyiwe hivyo.

Nimempelekea idadi: wanawake wangapi, wanaume wangapi, kila wilaya, aina za kazi, jumla ya pesa. Picha atapata za waliopokea ruzuku na wakakubali kwa maandishi kupigwa, na aliyekataa hakatwi kitu. Mama akiwa anaomba pesa, mkono wa kukataa kamera haunyanyuki, kwa hiyo ridhaa ya picha tunaiomba baada ya malipo, kamwe si kabla.

Saa 10:00

Fomu za waliokosa misimu ya nyuma, ambazo muda wake wa kukaa umekwisha, zimepita kwenye mashine ya kukatia karatasi. Mratibu amesaini na mimi nimesaini. Nakala za kompyuta zimefutwa, pamoja na zile zilizokuwa kwenye flashi.

Saa 10:30

Simu imelia. Kijana aliyeomba mashine ya kusaga na akakosa msimu uliopita anataka kujua sababu, na amesikia mtu fulani ndiye aliyemkatia. Nimemwambia ana haki ya kuliona faili lake lote: alama zake, maoni ya kamati na kila tulichoandika kumhusu. Majina ya wajumbe hatapewa, na maombi ya wenzake hatayaona. Ameuliza kama aje na barua ya sheha. Nimemjibu kitambulisho chake kinatosha, aje kesho saa tatu.