Na kuvuta, unavuta lini?

Usiku mmoja nilikuwa napanda ngazi kwenda ghorofa ya nne, mwanangu wa miaka minne amenilalia begani. Ilibidi niketi njiani mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Mapaja yalikuwa yanatetemeka na pumzi imekata. Nilimlaza kitandani, nikasimama pale nikimtazama, nikaamua kwamba hali ile haiwezi kuendelea. Muda na pesa za jimu sikuwa navyo, kwa hiyo kesho yake nikaanzia sakafuni chumbani.

Nilianza na pushapu, kila asubuhi, bila siku hata moja ya kupumzika. Wiki ya saba nikafikisha 50 mfululizo. Wiki ya tisa bega la kulia likaanza kuchoma kila nikivaa shati. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliniomba nipige pushapu tatu tu akiniangalia, kisha akasema, "Viwiko umevitanua mno, visogeze karibu na mbavu. Na kuvuta, unavuta lini?"

Sikuwa na jibu. Miezi miwili nilikuwa nasukuma sakafu tu, bila zoezi hata moja la kujivuta.

Kusukuma hakuna shida, sakafu ipo kila mahali. Kuvuta kunataka kitu cha kushika, na bila vyuma hapo ndipo wengi tunapoacha pengo. Mimi nilitumia meza ya kulia chakula, ya mbao nzito yenye miguu minne. Kwanza niliielemea kidogo kidogo nione kama itainuka upande wa pili. Tafadhali usiruke hatua hii, kwani meza nyepesi au yenye mguu mmoja wa katikati inaweza kukupindukia usoni. Nikalala chali chini yake, nikashika ukingo kwa mikono miwili, visigino sakafuni, mwili umenyooka toka kichwani hadi miguuni, nikajivuta mpaka kifua kikagusa mbao. Mara ya tatu vidole vikaachia. Pushapu 50, kuvuta mara 3! Bega lilikuwa na haki ya kulalamika.

Nikajifunza pia kwamba mwili ni uleule, lakini mzigo unaupanga wewe. Kwenye pushapu ya kawaida mikono hubeba takribani theluthi mbili ya uzito wako. Ukisimama na kuegemea ukuta, mzigo hupungua sana. Ukipandisha miguu kwenye kiti, huongezeka. Chini ya meza, ukikunja magoti kazi inapungua, ukinyoosha miguu inakuwa nzito. Halafu kuna kasi. Nilianza kushuka nikihesabu hadi tatu, natulia chini kidogo, ndipo napanda. Zile 50 zangu zikabaki 8. Iliniuma kweli, lakini 8 hizo zilinijenga kuliko zote za mwanzo.

Nikapunguza siku zikawa 3 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki, kwa hiyo sikuona sababu ya kujichosha kila siku. Misuli hujijenga wakati wa mapumziko, na kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huchelewa kukomaa kuliko misuli. Unaweza kujisikia una nguvu huku kiungo bado hakijawa tayari.

Miguu niliifanyia kazi kwa ajili ya zile ngazi. Kuchuchumaa mpaka chini, kupanda kiti imara kwa mguu mmoja na kushuka polepole, kisha kupanda ngazi zenyewe nikiwa na begi la vitabu mgongoni. Kuketi sakafuni na kuinuka bila kushika chochote nako ni zoezi, tena gumu kuliko linavyoonekana.

Sasa navuta mara 12 chini ya meza miguu ikiwa imenyooka, na bega limenyamaza. Ninalohangaika nalo ni kuketi kwenye kiti na kuinuka kwa mguu mmoja. Wa kulia unaweza. Wa kushoto goti bado linaangukia ndani, kwa hiyo nashika fremu ya mlango kwa vidole viwili na kulirudisha usawa wa unyayo kila mara, marudio matano tu, taratibu.