Siku zangu nataka zifutwe

Juzi usiku nimekaa kitandani nikafungua ile apu ninayoandikia siku zangu, miaka mitatu yote imo humo, mwezi niliochelewa, siku tumbo lilinikaba hadi nikashindwa kwenda kazini, mpaka dawa nilizomeza, yaani mambo ambayo hata dada yangu sijamwambia kampuni inayo.

Wengi huku Marekani wanadhani HIPAA, sheria ya kutunza siri za matibabu, inawalinda, hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe ile sheria ya 1996 inabana hospitali, bima na wanaowafanyia kazi, apu uliyojipakulia mwenyewe kwa kawaida haimo. Mwaka 2023 GoodRx, apu ya kutafuta dawa kwa bei nafuu, walikubali kulipa dola milioni 1.5 baada ya FTC, shirika la serikali linalolinda wateja, kusema habari za afya za wateja zilifika Facebook na Google, na wateja wenyewe hawakuambiwa.

Sisi wa jimbo la Washington angalau tuna My Health My Data Act, sheria ya kulinda data za afya, gavana Jay Inslee aliisaini Aprili 2023 na makampuni mengi ilianza kuyabana Machi 31, 2024. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ukisema futa, hawafuti kwao tu, lazima wawaambie na wote waliowagawia nao wafute. Kuuza data zako ndo ngumu kabisa, mpaka usaini ruhusa ya peke yake, tena inakufa baada ya mwaka, ile kubonyeza nakubali nakubali haitoshi. Na marufuku kufuatilia simu za watu ndani ya futi 2,000 kuzunguka kliniki ili ujue nani kaingia. Hapo nawafikiria akina dada wanaovuka kutoka jimbo jirani la Idaho kuja kutoa mimba huku, kwao imebanwa sana tangu 2022, na sheria yetu inawahesabu hata wao maana data imechukuliwa hapa. Ukidhulumiwa unashtaki mwenyewe, jimbo la Nevada wana sheria inayofanana lakini hilo la kushtaki mwenyewe hawakuliweka, na mi naona bila hilo kampuni haikuogopi.

Basi nikawaandikia mistari miwili, futeni kila kitu na mniambie mlimpa nani. Asubuhi wamenijibu eti niwatumie picha ya leseni ya udereva. Yaani ili wafute maumivu yangu ya tumbo niwaongezee na sura na anwani ya nyumbani! Nimewarudishia kwamba imeili niliyojisajilia inatosha kunitambua, na siku 45 ambazo sheria inawapa za kunijibu nimeshaanza kuzihesabu, safari hii kwenye daftari.